Mafuta Yasiyotoka Sahanini

Mke wangu alipiga pasi kwa miaka ishirini na sita, kwenye kiwanda cha kufulia nguo za mahoteli na hospitali. Wenzake walimwita Mama Pasi, na jina likamganda mpaka hata mimi nikawa namwita hivyo nikitaka kumchokoza. Shati alilianzia kwenye kola, upande wa ndani kwanza, halafu mabega, halafu mikono, na kifua kikaja mwisho kabisa. Akimwona mgeni wa kazi ameanza na kifua alikuwa akisema kwa sauti ya chini, "Huyo atakirudia," na kweli baada ya dakika mbili mgeni anakirudia.

Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, kidevu kifupi, na mdomo uliojaa utani. Mimi ni fundi wa mbao. Kelele za msumeno wa kiwandani kwetu zililichukua sikio langu la kushoto kabla sijatimiza miaka arobaini, na hili la kulia zikaniachia nusu. Yeye aliniita Fundi tu. Akitaka kunisema bila mimi kusikia, anahamia upande wa kushoto, anasema yote aliyonayo, kisha anarudi kulia na kuniuliza kama nataka chai.

Naanza na uziwi wangu kwa sababu yaliyotupata yalipitia humo.

Mwaka ambao binti yetu wa pekee alipata kazi ya ualimu akahamia mji mwingine, mwajiri wa mke wangu alileta watu wa afya kiwandani. Wakawapima wote: uzito, presha, sukari, damu. Wiki mbili baadaye majibu yakaja. Mama Pasi, mwembamba kuliko wote, ndiye aliyepewa karatasi ya kumpeleka kliniki. Kolesteroli mbaya ilikuwa juu, ile nzuri ilikuwa chini, na yale mafuta mengine ya kwenye damu, yanayoitwa trigliseridi, nayo yalikuwa yamevuka kiwango. Alirudi nyumbani anacheka.

"Nimewashinda wote," alisema. "Hata yule wa mapokezi anayekula keki asubuhi."

Daktari wa kliniki alimpa orodha ya vya kuacha. Alikuwa mpenzi wa mayai ya kukaanga, yale ambayo kingo zake zimekauka kidogo. Akaacha. Akaacha nyama nyekundu, siagi, maziwa ya mafuta, viazi vya kukaanga, na kila kitu kinacholia kikiingia kwenye kikaango. Orodha aliibandika ndani ya mlango wa kabati la vyombo. Mimi pia nilijiunga naye, nikavumilia wiki tatu, halafu nikashindwa. Yeye hakushindwa. Jioni alitembea kuzunguka uwanja wa shule mara sita, huku miguu imeshasimama kutwa nzima.

Miezi mitatu ilipokwisha alipimwa tena. Mafuta yalikuwa palepale.

Daktari yule alikuwa mtu wa haraka, na foleni ilifika mlangoni. Aliitazama karatasi, akamtazama mke wangu, akamwuliza, "Mama, unanidanganya mimi au unajidanganya mwenyewe?"

Tulipotoka nje mke wangu aliniuliza amesema nini hasa, kana kwamba mwenye masikio mabovu ni yeye. Nikamrudia.

Akaanzishiwa vidonge. Vilishusha kidogo, lakini vikamletea maumivu ya misuli mpaka akawa anashindwa kuinua pasi, ikabidi dozi ipunguzwe. Mafuta yakapanda tena. Na kuna mambo mengine yalikuwa yanaendelea ambayo hakuna aliyeyaunganisha. Asubuhi aliamka na kichwa kinachouma. Alilala kwa muda wa saa nane nzima na bado aliamka kama mtu aliyebeba magunia. Alisahau maneno. Utani ukapungua. Jumapili mchana alikaa kwenye kiti kumenya viazi, na kisu kinabaki kimesimama mkononi huku kichwa kimeanguka kifuani. Nilisema ni umri. Alisema ni kazi.

Sasa nifike kwenye sehemu yangu.

Mtu akiambiwa mara tano na daktari kwamba mgonjwa wake anakula kwa kujificha, ataanza kuamini. Mimi niliamini. Nilianza kunusa kikaango nikirudi kazini. Nilipima chupa ya mafuta kwa jicho. Siku moja nikakuta maganda mawili ya mayai kwenye pipa la taka, chini ya maganda ya viazi, na nikaona yamefichwa. Nilimwita.

"Haya ni ya nani?"

"Ya mwenzangu wa kazini. Ana mimba na hawezi kupika, harufu inamsumbua. Nilimchemshia nikampelekea."

"Mayai mawili."

"Mawili, Fundi. Mtu mmoja anakula mayai mawili."

Nilicheka. Kicheko kile ningekirudisha kama ningeweza. Na haikuishia hapo, maana jioni nilimpigia simu dada yake mkubwa, nikamweleza kwamba mdogo wake anajiua kwa tumbo na mimi simwezi. Shemeji yangu ni mwanamke mwenye kauli. Akaja Jumamosi, siku ambayo binti yetu naye alikuwa amekuja kutusalimu, akamkalisha mke wangu sebuleni na kumsema kama mtoto.

"Mumeo anahangaika, wewe unapika kwa siri. Unataka tuje tukuzike kwa sababu ya chakula?"

Binti yetu alikuwa analia. Akasema, "Mama, sema ukweli tu, hakuna atakayekukasirikia."

Mke wangu alitutazama mmoja mmoja. Kisha akainuka akaenda kukusanya vikombe.

Tangu siku ile hakula tena mahali ambapo mimi sipo. Kazini akashinda na chai. Jioni alileta sahani yake, akaiweka mezani mbele yangu, akala mboga zake za kuchemsha na kipande cha samaki bila chumvi, tonge kwa tonge, na akimaliza anainamisha sahani kidogo nione. Aliinamisha tu. Mimi nilidhani ameona kosa lake na sasa ananihakikishia. Miaka miwili nililiangalia jambo lile kila jioni na sikulielewa.

Mwaka wa nne alisinzia akiwa amesimama kazini. Pasi ilikuwa juu ya shati jeupe la mteja, na mkono wake wa kushoto ulikuwa umelishika shati pembeni. Wenzake walisikia harufu kabla yeye hajaamka. Shati lilitoboka umbo la pasi, na aliposhtuka pasi ikamwangukia mkono, ukaungua kuanzia kifundo mpaka karibu na kiwiko. Msimamizi wake, ambaye alianza kazi kwa kufundishwa kola na yeye, alimwandikia onyo la kulala kazini na kumhamishia kwenye meza ya kukunja taulo.

"Taulo hata likilala nami haliungui," aliniambia usiku huo, akijaribu kucheka. Halikucheka jicho lake hata moja.

Kidonda kilihitaji kusafishwa kila baada ya siku mbili, na mimi nilikuwa nampeleka. Chumba cha vidonda kilikuwa na muuguzi mmoja aliyekaribia kustaafu, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi. Siku ya tatu foleni ilikuwa ndefu, mchana wa joto, na mke wangu akapitiwa na usingizi kwenye benchi, kichwa ukutani. Nilitoka nje kupunga upepo. Sikukaa sana, yule muuguzi akaja kunitafuta.

"Baba, yule mama mwenye mkono ni mkeo?"

"Ndiye."

"Mnalala kitanda kimoja?"

Nilimtazama vibaya. Akasema, "Nauliza kwa sababu. Usiku humsikii?"

"Sikio hili lilikufa zamani," nikamwambia. "Na hili lingine nalilalia."

"Basi njoo utumie macho."

Alinirudisha ndani na kunisimamisha mbele ya benchi. Mke wangu alikuwa mdomo wazi. Kifua kilipanda, kikashuka, kisha kikatulia. Nilidhani ni utulivu wa usingizi. Muuguzi aliinua saa yake ya mkononi nione mshale wa sekunde. Tano. Kumi. Tumbo la mke wangu lilianza kuvutana ndani ya nguo, kama mtu anayesukuma mlango uliofungwa, lakini hewa haikupita. Kumi na tano. Midomo ikabadilika rangi. Kwenye sekunde ya ishirini na tatu alishtuka mwili mzima, akavuta pumzi kwa mkoromo ambao hata mimi niliusikia, akafungua macho bila kuona, akayafumba. Baada ya muda mfupi kifua kikasimama tena.

"Nimemhesabia mara saba tangu alale," alisema muuguzi kwa sauti ya chini. "Na huu ni usingizi wa benchi. Fikiria wa kitandani."

Watu wote kwenye foleni walikuwa wanatutazama. Nilimshika bega mke wangu, nikamwamsha.

Hospitali kubwa ilimpima usiku mmoja, amefungwa nyaya kichwani na kifuani na kidude kinachobana kidole kusoma oksijeni. Majibu tulipewa na daktari kijana wa kike, mpole wa maneno, ambaye alivuta kiti akakaa upande wetu wa meza. Alisema mke wangu anakatika pumzi mara thelathini na nne kwa saa. Koo linajifunga akilala. Alisema wengi hudhani ni ugonjwa wa watu wanene, lakini kidevu kifupi na koo jembamba vinaweza kumletea hata mtu kama yeye, na kwa wanawake mara nyingi haugunduliwi kwa sababu wanalalamika uchovu, na uchovu wa mwanamke hauchunguzwi.

Nikamwuliza kuhusu mafuta. Nilitaka ajibu haraka. Yeye alifikiri kwanza.

"Kila pumzi inapokatika, oksijeni kwenye damu inashuka," alisema. "Mwili unadhani kuna hatari. Unatoa homoni za dharura, na hizo zinafungulia mafuta yaliyohifadhiwa yaingie kwenye damu. Ini nalo linatengeneza mengine. Na ile kazi ya kuyaondoa mafuta kwenye damu inazorota. Ikitokea mara thelathini kila saa, kila usiku, miaka mingi, mtu anaweza kula mboga za kuchemsha tu na vipimo vikabaki juu."

"Kwa hiyo siyo chakula," alisema mke wangu.

"Sitasema usingizi ndio sababu pekee, mama. Kuna kurithi, kuna umri, na wanawake mafuta huwapanda wakishakoma hedhi. Lakini mlo wako, kama ndio huu ulionieleza, siuoni ukifanya haya."

Mke wangu aliangalia mkono wake uliofungwa bandeji. Kisha akasema, "Naomba uniandikie hayo kwenye karatasi."

"Kwa ajili ya kazini?"

"Ya nyumbani."

Daktari alinitazama mimi, mara moja tu, akachukua kalamu. Aliandika mistari minne na kugonga muhuri. Mke wangu aliisoma, akaikunja mara mbili, akaiweka kwenye mkoba. Mimi nilikaa pale na mikono magotini. Sijawahi kuwa na mikono mikubwa kama siku ile.

Tulitembea mpaka kwenye lango la hospitali ndipo aliposimama. Alikuja upande wangu wa kulia, akasema taratibu ili nisikose neno.

"Fundi, dada na mtoto uliwaambia wewe. Sitawaambia mimi. Utawaambia wewe."

"Nitawaambia," nikasema.

Hospitali ilimwazima mashine, kiboksi kidogo chenye mpira mrefu na barakoa ya kufunika pua na mdomo. Inasukuma hewa polepole koo lisijifunge. Daktari alimwambia aivae kila anapolala, kwa muda usiopungua saa nne, na vidonge asiache, kwa kuwa mashine haichukui nafasi ya dawa. Siku ya kwanza aliivaa akajitazama kwenye kioo.

"Ulioa mpiga pasi," alisema ndani ya barakoa, "sasa unalala na rubani."

Ule ulikuwa utani wa kwanza baada ya miezi mingi, na nilicheka kuliko ulivyostahili. Wiki ya kwanza ilimtesa. Mdomo ulikauka, mikanda ilimwachia alama mashavuni, alijikuta asubuhi ameivua bila kujua. Wiki ya pili ikakaa. Asubuhi moja nilimkuta jikoni amesimama dirishani, kikombe mkononi, hafanyi kitu. Nikadhani anaumwa.

"Kumbe watu huwa wanaamka hivi," alisema. "Kumbe asubuhi iko hivi."

Baada ya miezi sita damu yake ilipimwa. Kolesteroli mbaya ilikuwa imeshuka, na ile nzuri imepanda kidogo. Trigliseridi hazikusogea sana. Daktari alisema ndivyo alivyotarajia, kwamba mashine huwa inasaidia kidogo kwenye mafuta, wengine zaidi na wengine hata kidogo hawaoni, na kwamba kwa kuwa sasa halali tena mchana ameweza kutembea vizuri na hilo nalo limechangia. Presha ilikuwa imetulia. Maneno yalimrudia. Msimamizi alimrudisha kwenye meza ya pasi bila kumwomba radhi, na yeye hakudai. Jioni ile alinieleza mashati yote aliyopiga, moja moja, kama mtu aliyetoka safari.

Asubuhi moja ya mapumziko nilimkaangia yai. Moja tu, daktari alikuwa ameruhusu. Nilikausha kingo kama alivyopenda. Nilimletea mezani nikakaa. Aliliangalia kwa muda, akasogeza sahani katikati yetu.

"Asante, Fundi. Siku hizi sina hamu nalo tena."

Nililila mimi. Nilitamani nimwambie maneno yaliyokuwa yamenijaa, na nilipofungua mdomo nikamwuliza kama mpira wa mashine unahitaji kubadilishwa.

Na dada yake sikumwambia. Nilijiambia nitamweleza akija, na alipokuja nikaona siyo wakati, kuna watu. Binti yetu alipopiga simu alimwuliza mama yake, "Unakula vizuri sasa?" na mama yake akajibu, "Nakula vizuri," akinitazama. Niliangalia pembeni. Shemeji aliona mdogo wake amechangamka, akatangaza kwa kila mtu kwamba kusemwa kumemsaidia, ameacha vya kukaanga. Mke wangu alisikia hayo akiwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Hakunikumbusha kamwe ile ahadi ya langoni, na mimi nilijiridhisha kwamba amesahau.

Ilipita mwaka na miezi mitatu tangu tupewe majibu ya usingizi. Jumanne moja, kabla ya saa sita mchana, aliweka pasi wima mahali pake, akaizima, akamwambia mwenzake wa meza ya jirani kwamba mgongo unamvuta. Alikaa kwenye kikapu cha mashuka. Walipomfikisha hospitali alikuwa amekwisha kufariki.

Yule daktari kijana alikuja mwenyewe kunieleza. Alisema ulikuwa moyo. Mishipa ilikuwa imeziba kwa miaka mingi, kabla mashine haijaja, na kushuka kwa mafuta kwa mwaka mmoja hakuwezi kurudisha yote. Nikamwuliza, kama tungegundua ule mwaka wa kwanza?

"Siwezi kujua," alisema. Halafu akaongeza, "Mwaka huu wa mwisho alilala vizuri, baba. Aliniambia hivyo kila alipokuja."

Siku ya nne baada ya mazishi wageni walikuwa wamepungua. Shemeji yangu alikuwa uani anasuuza vikombe, mimi nimekaa kwenye stuli nyuma yake. Alianza kulia huku anasuuza. Akasema, "Laiti angeacha mapema. Tulimwambia. Miaka yote ile ya kula kwa kificho ndiyo iliyommaliza."

Nikamwambia, "Hakula kwa kificho."

Hakugeuka. Nilimweleza yote kuanzia benchi la chumba cha vidonda mpaka mistari minne ya daktari. Nilimweleza kuhusu mayai ya yule mwenye mimba. Nilimweleza sahani iliyoinamishwa. Wakati naanza maji yalikuwa yanatoka bombani, na nilipomaliza alikuwa ameyafunga.

"Wewe ulijua lini?"

"Mwaka na miezi mitatu iliyopita."

"Na mimi nilikuja hapa mara ngapi katika mwaka huo?"

Alikuja mara nyingi. Alikaa sebuleni, akamsifu mdogo wake kwa kujirekebisha, na mdogo wake akamimina chai.

"Shemeji," alisema, "mimi nilimsema kwa sababu wewe ulinipigia simu."

"Najua."

"Ningemwomba msamaha. Ningekuja kwa miguu."

Alipanga vikombe kwenye sinia, kimoja kimoja, mdomo chini. Akafuta mikono, akavaa viatu vyake, akaondoka kupitia mlango wa nyuma. Sasa ni mwezi wa nane tangu siku ile, hajarudi.

Binti yetu nilimwambia wiki iliyofuata kwenye simu. Kisha akaniuliza kama mashine bado ipo. Nikamwambia nimeirudisha hospitali, amepewa dereva mmoja wa malori, mtu mwembamba kama Mama Pasi. Akasema vizuri. Akasema ana madaftari ya wanafunzi ya kusahihisha. Siku hizi anapiga kila Jumapili, ananiuliza kama nimekula, namwambia nimekula, na hatuongezi neno hapo.